Chai na mkate saa moja, saa nne njaa imerudi: jinsi ya kushibisha nyumba asubuhi bila kumaliza pesa

Naanza na hesabu manake hapa Malindi kila mtu analia na bei ya sukari na unga lakini hesabu yenyewe ya chai ya asubuhi wengi hatuipigi sawasawa. Tunahesabu ile pesa iliyotoka dukani alfajiri basi. Ile ya saa nne hatuihesabu. Mtoto akinywa chai ya sukari na slaisi mbili za mkate saa kumi na mbili na nusu, akatembea mpaka skuli, ikifika saa nne tumbo lishaanza kulia na pale nje ya geti kuna viazi vya karai, bajia, mabuyu na achari vyamngoja. Tuseme kila mtoto umempa shilingi 20. Una watoto wanne, hizo ni 80 kwa siku, 400 kwa wiki ya skuli, mwezi ukiisha 1,600 zimeenda, na hapo baba hajanunua chapati na maharagwe kazini kwake kwa sababu na yeye alitoka na chai tu. Kwa hio mimi chai rahisi naiita ile inayomfikisha mtu adhuhuri bila kutia mkono mfukoni tena, hata kama dukani imekula kidogo zaidi.

Ukitazama vyakula vya asubuhi vya huku pwani utaona vingi vishajipanga vyenyewe, kitu cha wanga, kitu cha jamii ya kunde, na tui juu yake. Mahamri na mbaazi. Muhogo na maharagwe ya nazi. Mkate mtupu wapita haraka tumboni, mbaazi zakaa, kwa sababu zina protini (mbaazi kavu zina gramu 20 na kitu kwa kila gramu 100, muhogo una moja au mbili tu) na zina nyuzinyuzi nyingi ambazo tumbo lazisaga polepole, halafu yale mafuta ya nazi nayo huchelewesha njaa. Ukitaka kupunguza matumizi punguza kwa mkate wa dukani, sukari na maziwa. Mbaazi usiziguse.

Tuanze nazo basi, manake hapa ndo kuna pesa nyingi ya kuokoa na hapa pia ndo watu huzipoteza.

Usinunue mbaazi kwa kibaba duka la jirani ile jioni unayotaka kupika. Nunua kwa kilo sokoni, ama mchange watu wawili watatu mnunue nyingi kwa duka la jumla mgawane. Tazama zisiwe zimefifia rangi na kukunjamana, hizo ni za zamani, utazichemsha mpaka mkaa uishe na bado zikatika kama changarawe mdomoni. Ukifika nazo nyumbani zianike juani siku moja, ziache zipoe kabisa, kisha zitie kwenye dumu la plastiki lililokauka vizuri, ujaze mpaka juu ili hewa isibaki, ufunge kizibo sawasawa. Wadudu wakikosa hewa hawaendelei. Ukiziacha kwenye mfuko wa karatasi chini ya meza, joto letu hili, mwezi wa pili ni unga mtupu na matundu.

Asubuhi ya siku utakayozipika chagua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi, nusu kilo yataka kama lita mbili. Na maji yenyewe yana neno lake. Nyumba nyingi hapa mjini zina kisima na maji ya visima vya huku yana chumvichumvi na chokaa, ukichemsha jamii yoyote ya kunde kwa maji hayo huwa haziivi, ganda linagoma kulainika, unalaumu mbaazi kumbe ni maji. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho ama maji ya mvua kama unakinga. Kisima kiwe cha kufulia na kuoshea vyombo. Hili peke yake litakupunguzia mkaa kuliko jambo lolote lengine nitakalosema hapa.

Kuna wanaotia magadi ili ziive upesi. Ni kweli zaiva, lakini magadi yaharibu baadhi ya vitamini na ukizidisha kidogo tu ladha inakuwa ya sabuni. Ukiwa umeloweka mchana kutwa na maji ni mazuri huna haja nayo. Ndimu, ukwaju na nyanya vyote viingie mwisho, mbaazi zishaiva, manake ukali wa ndimu na ukwaju huzifanya ngumu.

Sasa moto. Kama watumia seredani, ile chajio ikishatoka usizime mkaa, teleka mbaazi juu ya makaa yaliyobaki, funika, ziendelee wakati mwakula na mwazungumza. Kama ni gesi chemsha zitokote sana kama dakika 20, kisha itoe sufuria na mfuniko wake uizungushie kanga kuukuu na blanketi, uitie ndani ya kikapu ama katoni ibane vizuri, uifunike na mto juu. Hapo moto hauhitajiki tena, zitaendelea kuiva na joto lake lenyewe. Kabla hujalala zitazame, zikiwa bado ngumu zipandishe moto tena dakika chache na uzirudishe kikapuni, na asubuhi zipige moto mpaka zitokote kabla ya kula, hilo usilipuuze manake chakula kilichokaa vuguvugu usiku kucha kwa joto la pwani ni hatari. Mwenye presha kuka ndo kabisa, zilizolowekwa hazichukui hata nusu saa.

Nazi moja nzuri yatosha nusu kilo ya mbaazi. Itikise usikie maji, iwe nzito mkononi, na yale macho matatu yasiwe na unyevu wala ukungu. Ikune, tia maji vuguvugu kikombe kimoja, kamua na kifumbu ama kitambaa safi, hilo ndo tui zito liweke pembeni. Rudi tena na vikombe viwili vya maji upate tui la pili. Na usitupe machicha bado, kamua mara ya tatu, hayo maji meupemeupe ndo ya kuchemshia muhogo ama ya kupikia uji, watu huyamwaga bure. Baada ya hapo machicha ni ya kuku. Kama una blenda nazi yakatwa vipande inasagwa na maji ya moto, lakini kwa kweli mbuzi ya kukunia nazi inakuna vizuri zaidi na haili stima.

Kupika kwenyewe ni kufupi. Mbaazi zilizoiva na supu yake kidogo, kitunguu kimoja umekikata, pilipili mbichi nzima umeipasua kidogo tu, manjano nusu kijiko kidogo, chumvi, na lile tui la pili. Ziache zitokote polepole mpaka supu ianze kushikana, ponda chache na mwiko ubavuni mwa sufuria ili zito lije. Halafu tui zito, koroga bila kuacha na usifunike, likichemka mara moja epua, ukiliacha lifoke linakatika na kutoa mafuta. Nusu kilo kavu ikiiva inafika kilo moja na robo hivi, watu sita saba wanakula vizuri wakiwa na kitu cha kutowea.

Ujanja mwengine ni kuchemsha kilo nzima siku moja lakini tui utie kwenye nusu tu. Ile nusu nyengine ikae kwenye friji ikiwa imechemshwa na maji na chumvi peke yake, kwa sababu kinachoharibika upesi ni tui. Keshokutwa zinakaangwa na kitunguu na nyanya zikaliwa na chapati, moto umewashwa mara moja, mlo umepata mara mbili. Kama huna friji usijaribu, pika za siku ile ile.

Kunde na pojo (ndengu) ni njia hiyohiyo na zaiva upesi kuliko mbaazi, pojo hata usipoloweka hazisumbui. Maharagwe mekundu ndo yataka uangalifu, lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi kabla hujayatia kwenye kile kikapu cha blanketi, yasipochemka sawasawa huumiza tumbo.

Mahamri sasa. Hapa najua nitagombana na watu manake kila mtu atakwambia vya kupika nyumbani ni rahisi. Si kila mara. Unga kilo moja, sukari kikombe kasoro, hamira, iliki, tui la nazi nyengine, na mafuta ya kukaangia ambayo kama robo lita na zaidi hunywewa na mahamri yenyewe, juu yake mkaa. Kilo hio inatoa mahamri 35 hivi ya kiasi. Kama nyumbani mko watatu au wanne mnakula kumi na mbili asubuhi, yaliyobaki yatalala yakauke ama watoto wayamalize jioni kwa uroho bila njaa yoyote, basi ni heri upike mbaazi zako nyumbani na mahamri umtume mtoto kwa yule mama wa pembeni anayechoma karai moja kwa mtaa mzima, yeye mafuta na mkaa umegawanyika kwa watu hamsini. Mbaazi zake usinunue lakini, kile kijiko anachokutilia kwa bei ile hakishibishi hata paka. Nyumba ya watu saba nane, au nyumba ya vijana wa kiume wanaokula mahamri matano matano, hapo ndo kukanda kunalipa.

Ukikanda, kanda usiku. Joto la huku lafanya unga uumuke upesi na kuchachuka, kwa hio punguza hamira iwe nusu kijiko cha chai kwa kilo badala ya paketi nzima, uache bakuli limefunikwa mahali penye ubaridi, asubuhi wakata tu na kukaanga. Iliki ni ghali mno siku hizi, twanga chache pamoja na kijiko cha sukari zisagike vizuri zienee, na yale maganda usitupe, yanakwenda kwenye chai. Mafuta yawe ya moto sawasawa kabla ya hamri la kwanza kuingia (tia kipande kidogo cha unga, kikizama na kupanda hapohapo yako tayari), yakiwa baridi hamri linayanywa yote, na wewe umelipa mafuta bure. Tumia karai dogo lenye kina, mafuta kidogo yanafika juu. Yakipoa yachuje na kitambaa uyafungie, mara ya pili na ya tatu sawa, yakishakuwa meusi na kutoa povu mwaga.

Mkate wa dukani nautaja kwa sababu ndo unaokula pesa kimyakimya. Mkate wa kawaida ni gramu 400. Ndani yake kuna unga kama gramu 250, mwengine wote ni maji, sukari kidogo na hewa. Paketi moja ya unga ya kilo mbili ina unga wa mikate minane hivi. Chukua bei ya paketi hio dukani kwako ulinganishe na bei ya mikate minane, sina haja ya kukwambia jibu. Kwa hio kama lazima ngano, chapati za maji zafaa zaidi asubuhi ya haraka, unga, maji, chumvi, kitunguu umekatakata, yai moja kama lipo, unamimina kwenye frampeni yenye tone la mafuta, dakika kumi na tano umemaliza nyumba nzima. Na unga wa paketi, wa ngano na wa mahindi, toka 2012 sheria inataka uongezwe madini ya chuma na vitamini, kitu ambacho ule wa kusaga mwenyewe kinuni au mashineni hauna. Mimi bado nasaga mahindi yangu, lakini kwenye nyumba ya watoto wadogo ni vyema paketi zisikosekane kabisa.

Ndugu zetu wa Lamu wana mkate wa mofa wa mtama, wa kuoka kwenye tanuri la udongo, na mtu akila miwili na maharagwe ya nazi hasikii njaa mpaka mchana. Kule pia kila kilo ya unga inavuka maji kwa mashua toka Mokowe kabla ya kufika dukani, kwa hio bei ya vitu vya paketi juu yake kuna nauli. Mwenye jamaa Mpeketoni au Hindi wa kumletea mahindi, kunde au muhogo ameshinda nusu ya vita.

Huku Malindi mimi badala ya ngano napenda mchele. Najua utasema mchele ghali, na kweli ni ghali, lakini sisemi mchele wa pilau. Nasema chenga, zile zilizovunjika, wenye maduka ya nafaka huziuza kwa bei ya chini na kwa mkate wa kumimina, vitumbua, vibibi na chila hakuna tofauti yoyote kwa sababu utausaga. Kununua mchele mrefu wa basmati eti wa vitumbua ni kutupa pesa baharini.

Mkate wa kumimina, manake ndo unaoshibisha zaidi kati ya hio yote: chenga vikombe viwili loweka usiku, asubuhi mwaga maji, saga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu mpaka ulainike, usage pamoja na ngumi moja ya wali wa jana, huo wali ndo unaufanya mkate uwe laini na usikauke. Tia sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki. Uache uumuke kama saa moja, kwa joto letu pengine dakika arubaini. Paka sufuria mafuta kidogo, ipashe moto, mimina, moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko. Wa gesi hatuna makaa ya juu, kwa hio funika vizuri na moto mdogo kabisa, ukishashika juu ugeuze kwenye frampeni iliyo moto upate rangi. Mafuta yaliyotumika ni kijiko kimoja. Vipande vinane, na mtu akila kipande na chai na bakuli la mbaazi anasimama. Ukitaka kuamka na usisubiri kuumuka, saga usiku na utie hamira chembe tu. Rojo hilohilo ukilipunguza uzito kwa tui la pili ni chila, unamimina upawa kwa upawa kwenye frampeni, funika, hazigeuzwi.

Muhogo ni rahisi kuliko vyote na ndo watu wa mjini tunauonea haya sijui kwa nini, mtu atakwambia ni chakula cha shamba halafu jioni ananunua wa kukaanga na pilipili na ndimu barabarani kwa bei mara tatu. Nunua asubuhi kwa wanaoleta toka Ganda, Kakuyuni ama Gede, ukiwa umeng'olewa jana au leo. Mwambie akuvunjie ncha, ndani uwe mweupe kabisa, ukiona mistari ya buluu au nyeusi umeanza kuharibika, na muhogo ukishang'olewa haukai zaidi ya siku mbili tatu. Ukipata mwingi kwa bei nzuri menya, kata, uhifadhi kwenye friza, unachemka vizuri zaidi hata. Uliza kama ni mtamu, ile mihogo michungu ina sumu na si ya kuchemsha tu ukala. Kuchemsha ni maji na chumvi, sufuria wazi mwanzoni, ukikaribia kuiva mwaga maji yale utie lile tui la tatu na pilipili. Lakini kumbuka niliyosema juu, muhogo peke yake ni wanga mtupu, lazima uende na mbaazi, kunde, ama dagaa wa kukaanga, hata mchuzi wa samaki wa jana. Viazi vitamu na boga vivyo hivyo, na mvua kubwa ya mwezi wa nne mpaka wa sita ikishapita mashamba yakatoa, boga linakuwa rahisi sana, lipike na tui na chumvi kidogo badala ya sukari.

Mwiku nao usitupe ila uwe na akili. Sima ya jana ikatwe vipande ikaangwe kwa mafuta kidogo mpaka ishike rangi, na chai ya tangawizi hakuna mtoto anayekataa. Wali mweupe wa jana kaanga na kitunguu, karoti na yai mbili, watu watano wameshiba. Lakini wali wa nazi hapa haulali nje ya friji, na hata wali mweupe ukiukusudia asubuhi utoe sufuriani mapema, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji usiku uleule. Wali uliokaa na joto mezani toka saa mbili usiku unaweza kutapisha nyumba nzima na kuupasha moto tena hakuiondoi ile sumu. Gharama ya hospitali sitaki hata kuitia kwenye hesabu.

Uji ni wa wadogo na wa wazee, na pia wa zile siku za mwisho wa mwezi. Unga wa mtama au wimbi, koroga kwa maji baridi kwanza ndo utie kwenye yanayochemka, usiache kukoroga, upike dakika 15 kamili. Badala ya maziwa tia tui. Badala ya sukari nyingi tia ndizi mbivu iliyopondwa, zile zilizotoka madoadoa muuza matunda anazitoa kwa bei ya kutupa. Kijiko cha njugu zilizosagwa ndani yake na mtoto anafika saa sita. Usinunue ule unga wa uji wenye picha ya mtoto mnene na majina kumi ya nafaka, nunua nafaka mbili tatu, chagua, anika, peleka mashineni usagiwe, kilo tano kwa mara moja, na njugu zibaki nje usage kidogo kidogo kwa sababu zikisagwa na unga huota harufu ya kuvunda.

Chai yenyewe. Nusu lita ya maziwa yatosha nyumba nzima ukiyatia mwisho, majani yameshatoa rangi, badala ya kuchemsha maji nusu maziwa nusu kama hotelini. Chai ya rangi yenye tangawizi iliyopondwa, mchaichai na gamba la mdalasini haitaki maziwa kabisa, na mchaichai panda kwenye ndoo kuukuu uani, haufi. Pesa iko kwenye sukari. Kila mtu akijitilia mwenyewe vijiko vitatu, watu saba, ni vijiko 21 kwa chai moja, ambavyo kwa vile vijiko vidogo ni kama gramu 80 hadi 100, kilo inakwisha kwa siku kumi na hapo hujapika jioni. Tia sukari kwenye birika mwenyewe, koroga, mimina kwenye chupa ya chai, na bakuli la sukari lisifike mezani. Wiki ya kwanza watanung'unika. Ukila hamri lenye sukari ama mkate wa kumimina, chai iwe na sukari kidogo zaidi tena, utamu ushaingia tayari.

Kupanga wiki mimi sipangi kwa karatasi, lakini mbaazi zaja mara mbili, muhogo mara mbili, mchele mara moja, uji siku pesa imekaza, na Ijumaa mahamri kwa sababu ni Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani hivi vyote vinahamia daku na vinafaa vilevile, zaidi mbaazi na muhogo.

Na wageni wakibisha hodi asubuhi sufuria ishapikwa kiasi cha watu saba, usikimbilie dukani kununua mikate. Menya muhogo au boga lililopo, kata vipande vidogo, chemsha pembeni upesi, utumbukize ndani ya mbaazi na maji ya machicha kidogo na chumvi, zitokote dakika tano. Hizo ni sahani nne zaidi, na mgeni atadhani ndivyo mnavyopika kila siku.